Goti Lililozikwa Limekunjwa

Basi dogo la kutoka Sake lilikuwa limeipita Lac Vert, na Muzee Mbarushimana, ambaye mapadri wa shule ya bweni walimfunza kutosikiliza mazungumzo ya wengine, alikuwa akisikiliza. Mbele yake walikaa mama aliyepakata jibini la Masisi na mwanamume wa magongo, aliyekatwa mguu juu ya goti.

“Munganga wa hospitali ameniongezea vidonge tena,” mwanamume alisema. “Vinanilalisha tu. Goti yenye haiko ingali inauma, sawa vile imekunjwa kwa nguvu.”

“Muguu waliuzika wapi, papa?”

“Kalengera, mu shamba ya migomba. Kisanduku kilikuwa kifupi. Ndugu yangu mukubwa aliukunja.”

Mama alifyonza. “Basi vidonge ni vya nini? Umuambie ndugu yako afukue, aunyooshe!”

“Munganga anasema ni mishipa.”

“Munganga alikuwa kwenye maziko?”

Ujinga mtupu, Mbarushimana aliamua, huku akisogeza sikio karibu zaidi.

“Naogopa, mama,” mwanamume alisema polepole. “Akiunyoosha na maumivu ibaki, nitabaki na tumaini gani?”

Mama aliuliza kwa sauti ya chini: “Na saa hii muguu unausikia wapi?”

“Hapa kwenye njia, kati ya viti. Watu wanaukanyaga tu.”

Basi lilisimama Himbi. Mbarushimana aliinuka, akakaza tai yake, akaitazama ile nafasi tupu kando ya kiti cha mwanamume. Kisha akanyanyua mguu juu sana, akavuka.

“Aksanti, muzee,” mwanamume alisema, bila kugeuka.