Sare ya Binti Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu wa viti vya mbele mngependa niyaruke.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi saa, akasoma hesabu hadi chuo kikuu, na mwaka 1988 akaajiriwa kutengeneza programu za kompyuta, katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la rangi, harufu ikamganda hata Jumapili. Mwaka 1990 alimwoa mwalimu wa chekechea, aliyeweza kumnyamazisha kwa jicho tu, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyekaa kando ya jeneza.

Kazi yake kubwa ilikuwa programu ya kukagua nani anashinda katika sataranji, ambayo viongozi wa chama cha mchezo huo waliiamini kuliko macho yao. Mwaka 2009 binti yake alikubali sare kwenye fainali, akiwa na askari, zile kete ndogo, mmoja zaidi ya mpinzani wake, kwa sababu askari wa pande zote walikuwa wamekabana uso kwa uso, wafalme hawana pa kupenya, hata wangezunguka hadi kesho. Programu haikuona ukuta, ilihesabu askari tu, ikasema anashinda, kamati ya chama nayo ikasema ameuza mchezo, ikamfungia kucheza maisha.

Kaka alikwenda kuwaeleza kwamba mashine aliiunda yeye na kosa ni la mashine, akawapangia kete mezani, akawaomba wamwonyeshe njia ya kushinda, na mwenyekiti akamjibu kuwa baba hawezi kumtolea mwanawe ushahidi, ila mashine haina ndugu. Roho inaniuma hadi leo.

Aliifundisha programu kuutambua ukuta, na mwaka 2014 ikaupa mchezo ule sifuri, yaani sare, chama kikaipokea kwa makofi, kinaitumia mpaka sasa, lakini adhabu haikufutwa, eti uamuzi ulifuata programu ya wakati ule.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki hospitalini Jumanne hii alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake ambao hamkumkimbia.

Mwenyekiti wa chama ameomba kutoa rambirambi, na familia haina kinyongo cha kumnyima nafasi, ila pale mezani tumepanga kete za mchezo ule, kila askari mahali pake, aanze kwa kutuonyesha ushindi ulikuwa wapi.

Kaka, pumzika kwa amani, sisi tunamsubiri.