Mpagani Asiye Wetu

OPERETA: Haloo, misheni Ushirombo? Mnapigiwa kutoka Shinyanga. Haya, ongeeni.

GELASIUS: Nani mwenzangu? Nasikia mvumo tu hapa —

SCOLASTIKA: Ni mimi, kaka. Scola. Shikamoo.

GELASIUS: Marahaba, Mama Anisia! Marahaba, mdogo wangu. Wamenitoa mbio mbio kwenye mafundisho, eti katekista unaitwa kwenye simu. Shemeji anaendeleaje?

SCOLASTIKA: Ametutoka, kaka. Alfajiri ya leo, pale hospitali ya Kolandoto. Homa ya matumbo imemmaliza.

GELASIUS: Mayo wee! Sena? Fundi Sena? Si mlisema amepata naf— basi. Basi, mdogo wangu. Pole. Pole sana. Watoto wako wapi?

SCOLASTIKA: Kwa jirani yangu Mama Mageni, hapa mjini. Anisia ameelewa. Huyu mdogo bado anauliza baba atarudi lini kutoka kwenye visima. Kaka, nisikilize, simu hizi hukatwa. Nataka nimlete nyumbani.

GELASIUS: Kumleta?

SCOLASTIKA: Nimzike. Pale karibu na mama. Watu wa maji, wa kazini kwake, wamekubali kunipa gari, ila wanataka niwaambie sasa hivi linakwenda wapi. Joto la huku unalijua, maiti haingoji.

GELASIUS: Pale karibu na mama ni makaburi ya misheni, Scola.

SCOLASTIKA: Najua ni ya misheni. Ndiyo maana nimekupigia wewe.

GELASIUS: Wanazikwa waliobatizwa. Hilo unalijua tangu utoto. Sena, sina ubaya naye, Mungu shahidi, lakini Sena alikuwa mpagani.

SCOLASTIKA: Alikuwa Mbudha.

GELASIUS: Ndiyo hilo hilo.

SCOLASTIKA: Si hilo hilo! Mpagani ni baba mkubwa Nkwabi. Anachinja mbuzi, anamwagia mizimu pombe, na Krismasi mnakula naye sahani moja. Sena hakuua hata kuku! Nikishikwa na hamu ya nyama nilikwenda kula kwa jirani. Hakulewa, hakuninyooshea mkono. Jumapili alimpakia Anisia kwenye baiskeli mpaka mlangoni pa kanisa, halafu anakaa juani kutungoja. Huko kwao kisiwani Seiloni, karibu na Uhindi, wamejaa watu wa namna hiyo, na wewe unaniambia —

GELASIUS: Naku— nakuambia ninachofundisha watoto kila jioni. Asiyebatizwa ni mpagani. Hakuna fungu jingine.

SCOLASTIKA: Na Waislamu je?

GELASIUS: Wale wana Mungu. Na makaburi wanayo yao. Sena alikuwa na Mungu gani? Nilimuuliza siku moja, shemeji, mbingu na nchi kaziumba nani? Akacheka. Akasema hilo hajalifuatilia, yeye anatafuta namna mateso yatakavyokwisha. Sasa mtu kama huyo nimwombee kwa nani, Scola? Niambie wewe.

SCOLASTIKA: Sawa. Kama ni mpagani, basi azikwe na wapagani. Mwambie baba mkubwa atupe nafasi kwake, pembeni ya zizi. Si ndipo walipolala mababu zetu?

GELASIUS: [mkwaruzo] ...Nkwabi nilishamuuliza.

SCOLASTIKA: Ulimuuliza lini? Mume wangu amekufa leo!

GELASIUS: Mliposema amezidiwa, kabla ya ile nafuu. Niliona mbali, usinikasirikie. Mzee amekataa. Hana chuki naye, wala usidhani. Anasema sisi tukimzika mtu tunamkabidhi kwa waliotangulia: huyu ni fulani, mwana wa fulani, mpokeeni. Sasa huyu wa ng'ambo tutamkabidhi kwa nani? Wa kwao hawapajui kwetu. Atabaki anatangatanga, ng'ombe waanze kuharibu mimba. Anasema huyo mtu ni Mkristo wenu, Jumapili zote alikuwa anaonekana kanisani.

SCOLASTIKA: [anacheka, kisha analia] Mayo! Wakristo wanasema ni mpagani, wapagani wanasema ni Mkristo.

GELASIUS: Ndiyo balaa lenyewe. Nkwabi ni mpagani, lakini ni mpagani wetu. Sena —

SCOLASTIKA: Sena alikuwa wangu.

GELASIUS: Scola. Sogeza simu karibu, nisiongee kwa nguvu. Padri Donatus amesimama mlangoni hapa. Nakuuliza neno, unijibu vizuri. Kabla hajakata roho, hukummwagia maji?

SCOLASTIKA: Maji gani?

GELASIUS: Ubatizo wa hatari ya kufa! Tulifundishwa sote, yeyote anaweza kuutoa. Maji kichwani, maneno unayajua, jina lolote, hata Yosefu. Kama ulifanya hivyo, sasa hivi natuma watu wakachimbe.

SCOLASTIKA: Nilishika kikombe, kaka. Alikuwa amefumba macho, nikajisemea, sasa. Nanyanyua mkono, akafumbua. Akanitazama mimi, akakitazama kikombe. Alijua. Akasema, Mama Anisia, nipe ninywe. Nikampa, akanywa.

GELASIUS: Basi maji yalimgusa —

SCOLASTIKA: Aliyanywa, Gelasi!

GELASIUS: Nani alikuwepo? Sema ndiyo. Neno moja tu. Dhambi yake nitaibeba mimi.

SCOLASTIKA: Wanangu wapalilie kaburi la Yosefu? Yosefu ni nani kwao?

GELASIUS: Angalau watakuwa na la kupalilia! Nampa Padri simu, anataka kukusikia mwenyewe. Mdogo wangu, nakusihi —

PADRI: Mama Anisia, pole sana na msiba. Gelasius ananiambia huenda ulimbatiza mumeo. Ni kweli?

SCOLASTIKA: [mkwaruzo]

PADRI: Mama?

SCOLASTIKA: Natamani sana kusema ndiyo, Padri.

PADRI: Lakini?

SCOLASTIKA: Hakubatizwa.

PADRI: Asante kwa ukweli wako. Nitamwombea, mama. Zaidi ya hapo sina ruhusa. Huyu hapa kaka yako.

GELASIUS: Umefanya nini wewe? Eh? Umefanya nini!

SCOLASTIKA: Usinifokee. Nimefiwa.

OPERETA: Shinyanga, muda wenu unakwisha.

SCOLASTIKA: Kuna Wahindi wa madukani hapa, wamekuja wenyewe kutoa pole. Wanasema si mwenzao hasa, ila hawawezi kumwacha mtu hivi hivi. Jioni watamchukua, wamchome kwa desturi yao.

GELASIUS: Kumchoma? Kama mchawi? Baba akisikia —

SCOLASTIKA: Asisikie! Nyie mmenipa nini kingine? Mimi nilitaka udongo, kaka. Nilitaka mahali nitakapomshika huyu mdogo mkono nimwambie, baba yako yupo hapa. Kule wanakochomea, kwa desturi yao mwanamke haendi. Nitasimama barabarani na wanangu, tutazame gari likiondoka. Na majivu watayatia kwenye maji. Basi, imekwisha.

GELASIUS: Nitafute lori, nije —

SCOLASTIKA: Hutawahi.

GELASIUS: Sikiliza. Usilikasirikie Kanisa. Wewe ubatizo wako unao. Siku yako ikifika, na iwe mbali huko, nafasi yako ipo palepale kando ya mama. Nitaisimamia mwenyewe.

SCOLASTIKA: Najua ipo. Ndiyo hiyo inayoniua. Mimi mna pa kuniweka, na yeye hana, na wewe unaniambia hivyo ili nipate faraja.

GELASIUS: Sikuwa na maana —

OPERETA: Shinyanga, nakata.

SCOLASTIKA: Msalimie baba. Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Kwaheri, kaka.

GELASIUS: Scola, ngoja! Scola, yule mtu hata mimi nilimpend— haloo? Haloo!

OPERETA: Mwenzio ameshaweka simu, mzee. Weka na wewe, kuna watu wanasubiri.