Nilivyomsalimia Mama Mkwe Nikapata Ubunge

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, asifiwe mpaka wa stendi wasikie! Wanaonijua wananijua. Asiyenijua, mimi ndiye mkulima wa kwanza katika kata yetu kuwa na diploma ya kilimo, na sikuletewa, niliifuata Morogoro. Nikafanya kazi huko, nikarudi Bariadi na trekta, nikalima pamba mpaka watu wakatoka Mwamapalala kuja kuangalia mistari ilivyonyooka. Sijisifu. Nashuhudia.

Wakati huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na mizani yao, kila mizani na tabia yake, na vyama vingi vya siasa vimeingia. Nikasema wakulima wanahitaji mbunge anayeijua pamba ikiwa shambani. Nikamtazama kila mtu jimboni, nikajiona mimi.

Ndugu zangu, shetani naye alikuwa ananiona. Alipitia kwa baba mdogo, aliyeniambia kwamba mpinzani wangu ameshazindikwa kwa dawa, na kwamba diploma haizuii uchawi. Akanipeleka kwa mganga. Mganga akaniogesha dawa, akanipa sharti moja: mpaka matokeo yatangazwe nisimsalimie mtu, kwa mkono wala kwa kinywa. Kila nitakayemsalimia atachota nyota yangu, na ikiisha nitaanguka nife.

Nanyi mnajua kwetu Usukumani! Mtu akikukuta njiani anaanza na Mwangaluka, anaulizia nyumba, anaulizia ng'ombe, anaulizia mvua, ndipo anakumbuka alikokuwa anakwenda. Mimi nikawa napita katikati ya gulio na suti yangu kama gari la maiti. Wazee wakinyoosha mkono, natazama mawingu. Nikipanda jukwaani naingia moja kwa moja kwenye bei ya mbegu. Hotuba zilikuwa nzuri, hata leo nazikubali, ila watu walipungua. Mpinzani wangu, asiyejua hata pamba inapaliliwa lini, alisalimia mpaka mbuzi, na akawa anawaambia watu kwamba Morogoro nimesomea yote nikasahau kuamkia. Ubunge ulikuwa unaondoka huku nauona.

Mkutano wa mwisho ulikuwa asubuhi, uwanja wa gulio. Nafungua kinywa nianze na mbegu, akasimama mama mkwe wangu. Ndugu zangu, mama mkwe! Yule ambaye nikimwona njiani naingia porini kwa heshima. Akasema taratibu, "Mwangaluka, mkwe wangu." Nikatazama mawingu. Akarudia. Akawageukia watu.

"Nisaidieni, jamani. Binti yangu nilimwozesha mtu au nguzo ya simu?"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikapima: nikinyamaza, nimekosa kura na mke. Nikisalimia, nakufa. Hapo nikamlilia Mungu wa mama yangu, Mungu niliyemwacha tangu shuleni: Bwana, kama upo, nishike nisianguke. Nikashuka jukwaani, nikachuchumaa vumbini na suti yangu, mbali naye kama inavyopasa, nikamwamkia kama mama yangu mzazi, "Mwangaluka, mayu."

Nikafumba macho ningoje kuanguka. Nikangoja. Kilichoanguka ni miwani peke yake. Nilipoyafumbua macho, watu walikuwa wamepanga foleni kusalimiwa. Hotuba sikutoa tena. Nilisalimia mpaka jua likawa utosini, na nyota haikuisha!

Nilishinda. Na wa kwanza kufika nyumbani kunipongeza ni nani? Mganga, akidai dawa yake imefanya kazi. Nikamweleza nilivyolivunja sharti lake mbele ya uwanja mzima. Akaniuliza polepole, "Mheshimiwa, huyo Mungu wako, masharti yake ni magumu?"

Nikampa mkono, nikamwambia aje aone.

Namshukuru Mungu aliyenishika siku ile, namshukuru na mama mkwe, ambaye kwa adabu zetu sithubutu kumtaja jina. Wewe mwenye hirizi kiunoni, unayeogopa nyota yako isichotwe, mwamini Yesu leo. Njoo hapa mbele. Na kama unaona haya kuwa wa kwanza, mfuate yule mzee wa benchi la nyuma. Ndiye aliyeniogesha, na ameshasimama.