Mzee Gedion Kyalo, Fundi wa Nyembe wa Magogoni

Mzee Gedion Kyalo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Mbooni, Makueni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutua na Mama Ndunge.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini. Akiwa darasa la sita alichapwa mbele ya shule nzima kwa kuinoa rula ya chuma ya mwalimu wa hesabu, hata mwalimu alipotaka kupiga mstari akaipasua karatasi vipande viwili. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba viboko vilimuuma, ila makali yalikuwa mazuri.

Mwaka 1974 alishuka Mombasa akaajiriwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Changamwe, alikotumikia hadi alipostaafu mwaka 2008. Jioni, nyumbani kwake Magogoni, aliunda nyembe za kukunja, zile za vinyozi wa zamani. Hakupita penye chuma chakavu bila kuinama. Alikigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kutazama cheche: zikipasuka kama vinyota, alikichukua, zikitoka nyekundu na kuzimika, alikitupa huku akikilaumu.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Jerioth Mwende. Asubuhi hiyo alimpelekea rafiki yake Badi, kinyozi wa Magogoni, wembe alioufua kwa springi ya lori.

“Chuma kilichobeba saruji hadi Nairobi,” alisema, “hakiwezi kushindwa na ndevu.”

Kilishindwa. Shavu la kulia lilipomalizika, makali yalikuwa yamejikunja.

“Bwana harusi, wembe huu haunyoi, wang'oa,” Badi alimwambia. “Ngoja nitwae wangu.”

“Siingii kanisani kwa wembe wa dukani!”

Akaingia hivyo hivyo, nusu ana ndevu, nusu hana. Bibi harusi alimtazama akamnong'oneza, “Gedion, na huku?” Akajibu, “Huku nitamalizia kesho.” Ndiyo maana katika picha zote za harusi Mzee amesimama kiubavu.

Baada ya aibu ile aliapa kutumia tupa kuukuu tu, ile ya kunolea mapanga. Aliilainisha kwa moto, akaiunda, akaipasha tena hadi iwe nyekundu, akaichovya ndani ya mafuta ya moto, kisha akairudisha kwenye oveni ya Mama Jerioth mpaka ishike rangi ya majani makavu. Keki za nyumba ile zilinukia mafuta ya injini, na wageni wa kanisa walizila kwa upendo.

Badi, mtu wa pwani tangu mababu, hakuridhika.

“Wallahi tupa yako yala kutu kabla sijafika kidevuni. Bahari iko hapo! Nifanyie wa chuma kisichoshika kutu.”

“Hicho ni cha kukatia nyanya,” Mzee alimjibu. Mwishowe alimfulia mmoja kwa kisu cha jikoni, akamkabidhi bila kumtazama. Ubishi wao uliendelea zaidi ya miaka thelathini, kwa kahawa na kwa sauti ya juu.

Mwaka 2022 Mzee alianza kuugua moyo. Daktari alimpa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, akamwonya, “Usijikate hata kidogo. Kwani unafanya kazi gani?” Familia ikatazamana. Mama Jerioth akafungia nyembe zote kabatini. Ndevu zikamshuka Mzee hadi kifuani, na wapita njia wakawa wanamwamkia “Assalamu alaikum, sheikh.” Aliitikia vizuri, hakutaka kumvunja mtu moyo.

Januari mwaka 2025, alipokuwa hawezi tena kuinuka, Badi alikuja kumnyoa. Alimnyoa polepole, bila tone la damu. Mzee alifumba macho, akapapasa shavu lake.

“Umeona tupa?” akasema.

“Si tupa, ndugu yangu. Ni kile cha nyanya.”

Mzee akapapasa na shavu la pili. “Basi kinanyoa,” akasema. “Lakini usimwambie Jerioth.”

Mama Jerioth alikuwa amemshikia taulo.

Mzee alituacha alfajiri ya tarehe 11 Februari 2025, uso wake ukiwa laini. Ameacha mjane, Mama Jerioth, watoto Lynnette, Fidel na Maryanne, wajukuu watano, na Badi, ambaye tangu siku hiyo hajapata mtu wa kubishana naye.

Lala salama, Baba. Mungu akupe pumziko jema.