Kikohozi Kwenye Ndiva

Wapendwa, jina la Yesu litukuzwe! Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na punde mtajua kwa nini naitaja miguu.

Mimi, Elisante, nina shahada ya chuo kikuu. Nimewahi kuandika makala gazetini nikiwacheka watu wanaoogopa mizimu. Niliziandika Same mjini, mchana, jua kali, feni inazunguka. Kule chini mizimu hainisumbui kabisa.

Kisha baba akafariki, nikapanda milimani, kijijini kwetu Bombo, kumsaidia mama. Shamba letu la tangawizi hunyweshwa kwa maji ya ndiva, bwawa la ukoo linalozibwa jioni na kuzibuliwa alfajiri, kila nyumba kwa zamu yake. Mwenye zamu akifa, mrithi wake humwaga kwanza dengelua, pombe ya miwa, kwenye msitu wa ukoo ulio juu ya bwawa. Asipomwaga, wanasema, maji hayatamfuata.

Mama alikataa kupika hiyo pombe. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, akaja kutuonya. Nikamwamkia.

"Marahaba, msomi. Jumapili ni ya Mungu, mwanangu, lakini ndiva ina wenyewe. Mwaga kidogo tu, Mungu hata hatashtuka."

Mama akajibu kutoka jikoni, "Shemeji, hicho kidogo kanywe wewe!"

Hakuna aliyetuzuia, ndugu zangu. Ila majirani walianza kutusalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaotuaga. Na majani ya tangawizi yalikuwa yanajikunja. Tukiikosa zamu ile, mavuno ya mama yamekwenda.

Alfajiri ya zamu yetu ukungu ulishuka mzito. Hata ndege hawakulia. Nilipoinamia kizibo, mama akiwa nyuma yangu na jembe, kule msituni mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kisha akasafisha koo, vilevile kama baba alipotaka tumfungulie mlango. Baba yule yule ambaye jeneza lake nililibeba mimi!

Shahada yangu ilikimbia. Mimi hata kukimbia sikuweza, miguu ilikufa ganzi. Nikavuta kizibo. Maji yakatoka, yakafika mdomoni mwa mfereji, yakasimama. Sisemi uongo: yalisimama yakitetemeka, kama ng'ombe aliyeona kitu njiani. Kikohozi kikarudi, karibu zaidi.

"Mama," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "twende tukapike tu hiyo pombe."

Mama aliweka jembe chini. Akaugeukia msitu, akasema kwa upole, kama anaongea na mgeni mlangoni: "Baba Elisante, kama ni wewe, tulishakukabidhi kwa Bwana. Pumzika. Kama si wewe, kwa jina la Yesu, funga mdomo."

Kimya. Kimya cha kitu kinachosikiliza. Halafu maji yakaanza kutembea, taratibu, yakapita juu ya vidole vyangu, baridi, na miguu yangu ikarudi. Haleluya!

Tangawizi tulivuna. Sasa nazibua peke yangu, nikiimba pambio vibaya sana. Siku moja moja kikohozi hukisikia bado, mbali, nyuma ya ukungu.

Ndugu yangu unayemwaga kidogo mahali fulani, kwa usalama tu, acha. Njoo kwa Yesu mikono mitupu, anatosha. Mimi mpaka leo sijui ni nani anayekohoa kule. Namjua aliyemnyamazisha.