Kiti cha Kushoto

Shemasi Odell Pruitt alikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikaa pembeni yake likinywa kahawa. Jina lake Hoyt. Miaka ile Odell bado ana boti, Hoyt aliketi kiti cha kushoto akapiga kelele, "Punguza!" Odell akasikia vizuri kabisa, akajitia kiziwi. Wimbi moja likamrusha Hoyt juu, akatua vibaya, na tangu hapo kijiwe kizima kinamwita Mgongo. Hoyt alishasamehe ajali. Kwamba Odell alisikia, hilo halijawahi kutamkwa. Asubuhi hii, kwenye benchi la duka la chambo ukingoni mwa ziwa Guntersville, Shemasi alikuwa na hofu. Kesho ni mashindano ya uvuvi, boti zikikimbizana kuwahi penye samaki, mkwewe Colby kanunua boti mpya, na binti yake kamwomba: "Baba, panda naye. Ukiwa pembeni yake hatakwenda kama kichaa."

— Hivi, akauliza kama mtu anayepoteza muda tu, boti hizi za mbio, viti vikipangwaje ndiyo salama?

— Viwili, vimeachana, akasema Lamar, ambaye hajawahi kumiliki hata mtumbwi lakini wanamwita Profesa. Kila mtu na chake. Kinakukumbatia kama mama.

— Mama gani anakukumbatia kwenye maili sabini kwa saa? akadakia Mgongo. Mimi nataka vitatu, vimebanana. Ukirushwa, unamwangukia mwenzio.

— Wa katikati anashika nini? akauliza Profesa.

— Anashika imani.

Wakacheka. Odell hakucheka.

— Nyie hamjui kitu, akasema Profesa. Dereva anakaa kulia. Akiwa peke yake boti inalalia kulia, mwendo ukikolea inaanza kuyumba. Kwa hiyo kile cha kushoto si kiti cha abiria, ni mahali pa kuweka uzito. Unatafuta mtu mnene, mtulivu.

— Si uweke gunia la mahindi? akauliza Mgongo.

— Gunia linafaa sana, halilalamiki! Na wangenisikiliza mimi, abiria angelazwa ndani ya lile tangi la kuwekea samaki hai, mfuniko umefungwa. Haoni kitu, haogopi kitu.

— Hilo jeneza, Profesa.

— Jeneza lenye maji safi, bwana!

Odell akaweka kikombe chini. Kahawa ikamwagikia kiatu.

— Na ile kamba? akauliza. Dereva anajifunga kamba, akirushwa injini inazima. Abiria je?

— Abiria akirushwa, akasema Mgongo taratibu, dereva anapata habari akifika.

Odell akaomba moyoni apewe ulimi.

— Mgongo. Siku ile nilikusikia.

— Najua, Shemasi. Ulinigeukia ukatabasamu.

Akamsogezea Odell sahani ya njugu za kuchemsha, na Odell akashindwa kuzigusa.

Ndipo gari la Colby likaingia likivuta boti nyekundu, viti viwili vinang'aa, na kati yao nafasi ya mtu mzima kupita. Colby akashuka ameshika mfuko wa mikate ya soseji.

— Za asubuhi, wazee! Leo mnabishania nini?

— Viti, akasema Profesa. Kipi hakimtii mtu hofu.

— Kwani nani anaogopa?

Profesa akachungulia kikombe chake, kitupu. Mgongo akatazama maji.

Odell akanyanyuka, akapanda botini kwa shida, akaketi kushoto. Akanyoosha mkono juu ya ile nafasi. Ncha za vidole zikafika kwenye kiti cha dereva, zikagusa kwa taabu.

— Ni mimi, mwanangu. Naogopa tangu juzi, na nimemdanganya mkeo kwamba siogopi. Upepo wa ziwani unameza sauti. Kesho nikikugusa goti, punguza mwendo.