Aliona Shingo Yangu Imevunjika, Akatangaza

Bwana apewe sifa zake zote leo, wala asigawane na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu kule Muleba kuna mtumishi aliyezoea kupewa nusu.

Ndugu zangu, naitwa Kokugonza. Wengi wenu hapa Kibeta mnanifahamu kama binti wa yule mama mgeni anayekaa mbele na kuimba kwa sauti kuishinda kwaya. Ndiye mama yangu, namwita Mawe, kama tunavyoita kwetu. Nilizaliwa Buganguzi, kule kule Muleba. Baba alipofariki nilikuwa bado mdogo, na shangazi yangu aliyeolewa Austria akanichukua nikasome huko. Mawe akabaki na migomba yake, kahawa yake na kikundi chake cha maombi.

Huko nilikokwenda kuna milima ya theluji, na watoto wa kule wanateleza juu yake kama sisi tulivyoteleza kwa magamba ya migomba mvua ikinyesha. Nikajifunza. Nikapenda. Mchezo wangu ni huu: unafungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, unashushwa ndani ya mfereji mkubwa uliochongwa kwenye theluji iliyoganda, wenye kuta mbili zinazotazamana, kila ukuta mrefu kuliko paa la kanisa hili. Unashuka kwa kasi, unapanda ukuta, unatoka juu hewani, unajizungusha, unarudi chini, unapanda ukuta wa pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na waamuzi wanakutazama. Kwa neema ya Mungu nimefika mahali pa kushindana na wanawake walio bora duniani, na bendera ninayovaa ni ya Tanzania. Sasa tunajiandaa kwa mashindano makubwa ya mataifa yote, na jina langu limo.

Sasa sikilizeni jinsi shida ilivyoanza, maana ilianza kwa neno moja.

Mawe alinipigia simu akaniuliza mfereji huo ukoje, kwa sababu akinamama wenzake walimsumbua. Nikatafuta mfano wa kwetu. Nikamwambia, "Mawe, ni kama obwato, ila ni wa barafu." Mliokulia mjini niwaeleze: obwato ni ule mtumbwi mrefu wa mti uliochongwa, ambao wanaume wanatia ndizi mbivu na nyasi, wanaingia na kukanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke, ndipo ipatikane rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ukiutazama kwa ndani, kuta zake zimeinama vilevile kama mfereji wangu. Mfano ulikuwa mzuri, hata leo siujutii.

Mawe kwa furaha yake akasimama kwenye ibada ya Jumapili akaomba maombi. Akasema mwanangu yuko Ulaya, kila siku anaingia kwenye obwato, anajiandaa kwa mashindano ya dunia.

Basi! Kanisa zima likaelewa kwamba nimekwenda Ulaya kupika pombe. Na si kupika tu, nashindana. Tena mwanamke, na wazee wetu walivyokuwa hawataki mwanamke akanyage ndani ya obwato, walisema pombe inaharibika. Mzee mmoja, Mungu ambariki, aliuliza swali moja tu la akili siku ile: "Sasa ndizi wanazitoa wapi kwenye barafu?" Watu wakamnyamazisha.

Kiongozi wa kanisa lile anajiita nabii. Alikuja baada ya mchungaji wetu wa zamani kustaafu. Mtu angetegemea nabii aulize, au basi hata amwulize Mungu, ambaye bila shaka anajua theluji ni nini. Hakuuliza. Alihubiri juu ya ulevi, juu ya mabinti waliopotea Ulaya, na juu ya akinamama wanaokula matunda ya pombe, na Mawe ameketi pale pale mbele yake akiwa na gauni nililomtumia.

Niliposikia nikatuma video, nikidhani tutacheka na yataisha. Waliitazama kwenye simu ya Mawe, wakaniona naruka. Kumbe nimejitia kitanzi. Mtu mwenye haya angesema, samahani mama, nilikosea. Huyu akabadilisha mashtaka! Akasema sasa ameelewa, kumbe si pombe, ni pepo la anga, maana binti wa watu haruki hewani bila kushikiliwa na kitu. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Nimeusikiliza kwa masikio yangu. Alisema hivi: "Namwona binti. Namwona juu ya kitu cheupe. Shingo yake imevunjika. Arudi aweke ubao huo madhabahuni uchomwe moto, asiporudi nisilaumiwe."

Mawe akaondolewa kwenye uongozi wa akinamama mpaka nitubu. Nitubu nini? Hakuna aliyesema.

Ndugu zangu, katika mchezo wetu watu wanaanguka. Kila binti nitakayeshindana naye amewahi kuvunjika mahali: mkono, mbavu, kifundo cha mguu. Na mimi zamu yangu ikafika. Nilitua vibaya mazoezini, mfupa wa bega ukavunjika. Nikapelekwa hospitali, nikafungwa, nikaambiwa nipumzike. Habari zikafika Buganguzi. Mnadhani waliuliza hali yangu? Jirani yetu Mwislamu, Mama Hidaya, ndiye aliyekuja na uji kumwuliza Mawe, "Mtoto anaendeleaje?" Kanisani kwetu walimwuliza, "Ametubu?" Na nabii akasimama akicheka, akasema, "Si niliwaambia?" Alikuwa amesema shingo. Limevunjika bega. Akachukua bega!

Mfupa ulipona vizuri. Mimi sikupona. Siku niliporudishwa juu ya mfereji, kocha wangu alinionyesha mkono kwamba nishuke, na miguu ikakataa. Nilisikia ile sauti ya kwenye simu, neno kwa neno: shingo yake imevunjika. Nikakaa chini kwenye theluji. Kesho yake hivyo hivyo. Kocha ni mama mmoja mpole, hakunikaripia, akasema tu kwamba nafasi yangu haitanisubiri milele. Wenzangu wakawa wanashuka mmoja mmoja kunipita, nami nimekaa pembeni kama mzigo. Ninyi mnaodhani neno la kutisha ni maneno tu, njooni niwaambie. Lile neno lilinishika kuliko bandeji. Nikaanza kuamini kwamba Mungu mwenyewe ananitaka nianguke.

Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nilikuja na ubao. Ndiyo, nilikuja tayari kuuchoma, nisiwe tena na yule mtu kichwani, na Mawe arudishiwe nafasi yake. Nilimwambia hivyo Mawe jikoni, akiwa anamenya ndizi. Alimaliza kumenya, akasema, "Jumapili tutakwenda."

Jumapili tukaenda. Kanisa lilijaa, maana watu walikuwa wametangaziwa kwamba binti wa barafu atafunguliwa. Nabii akaniita mbele. Akaniambia nilaze ubao chini, nikalaza. Alipoanza kupaza sauti juu ya kichwa changu, Mawe akainuka kwenye benchi. Mnamjua, si mrefu, lakini sauti mnaijua. Akasema kwa heshima zake zote:

"Waitu mtumishi, naomba kuuliza. Siku Mungu alipokuonyesha mwanangu amevunjika shingo, ulimwombea?"

"Mama, kaa chini. Huu ni muda wa Roho."

"Nitakaa. Ulimwombea?"

"Mimi nilitangaza neno nililopewa."

"Nimesikia ulitangaza. Hata redio inatangaza. Nauliza kama uliomba."

Ndugu zangu! Yule mtu ambaye hakuwahi kukosa neno akatazama kipaza sauti chake kana kwamba kimeharibika. Hakuwa ameomba! Hata dakika moja! Aliona, kama kweli aliona, mtoto wa mjane anakwenda kuvunjika shingo ugenini, na hakupiga magoti. Alishika simu. Musa aliambiwa taifa zima litaangamizwa akasimama akawaombea. Abrahamu aliombea hata Sodoma, mji ambao hakuna anayeutetea. Huyu alishindwa kuniombea mimi ambaye kosa langu ni obwato wa barafu.

Mawe akaja mbele, akauokota ule ubao, akauweka kichwani kama mkungu wa ndizi, akaniambia kwa Kihaya twende. Tukatoka. Njiani nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikashika mti wa mbuni wa watu. Mawe hakucheka. Alikuwa analia kwa hasira, na mimi sijawahi kuona machozi matakatifu kuliko yale. Mwezi ule ule alihamia hapa Kibeta kwa dada yake, nanyi mkampokea bila kumwuliza kama ametubu. Mungu awakumbuke kwa hilo.

Kuna watu wanataka niseme kwamba niliporudi kwenye theluji hofu yote ilikuwa imeyeyuka. Sitamsaidia Mungu kwa uongo. Nilipanda juu ya mfereji, nikafunga ubao, na ile sauti ikaja kama kawaida yake: shingo yake imevunjika. Nikaiuliza kwa mdomo wangu, kocha akidhani naongea naye: "Ulimwombea?" Kisha nikamgeukia Mungu. Nikasema, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, wewe hukunitishia hata siku moja, tangu Buganguzi mpaka hapa. Nikashuka. Nikapanda ukuta wa kwanza, nikatoka juu, nikaona anga, nikarudi chini salama, nikapanda wa pili. Nilipofika mwisho kocha alikuwa amekaa kwenye theluji anafuta macho. Nafasi yangu sikuipoteza.

Ndiyo maana, nikiwa nimekuja kumwona Mawe kwa siku chache, nimesimama hapa. Wiki hii narudi kumalizia maandalizi, na mabinti nitakaowakuta huko si wa mchezo mchezo. Sijaahidiwa medali, na atakayewaambia nimeahidiwa mkamwogope. Ninachojua ni kwamba niko huru, na nikisimama juu ya ule mfereji nasimama mimi na Mungu wangu, hakuna mtu wa tatu.

Na wewe uliyekaa hapo na neno la mtu limekukaba, umeambiwa hutazaa, hutaolewa, biashara haitasimama, safari itakuua: usimpe huyo mtu nusu ya sifa za Mungu. Mwendee Mungu mwenyewe, mlango wake hauna bawabu. Mwamini. Aliyekuumba hakutishi ili apate waumini.

La mwisho, halafu nakaa. Nikifika huko nikaanguka, maana watu huanguka, asisimame mtu Muleba wala hapa Bukoba kusema unabii umetimia. Semeni barafu ni ngumu, kisha mpige magoti kwa ajili yangu. Asiyeniombea asinitabirie. Amina.